Pua ya Kiwanda

Absalom Sifuna alikuwa na pua ya kawaida tu, fupi na pana, na ukikutana naye mtaani Kiganjo, pale Thika, akinunua mkate usingeitazama mara mbili. Kiwandani, hata hivyo, pua hiyo ilikuwa na cheo. Wageni wakija, meneja aliwapitisha kwenye matanuri ya vigae, akawaonyesha mashine za kutoka ng'ambo, kisha akawaleta nyuma kabisa, kwenye kitengo cha gesi, akamshika Absalom begani na kusema, "Na huyu ndiye mashine yetu ya kienyeji." Wageni walicheka. Absalom naye alicheka, na jioni alimsimulia mkewe Nafuna kana kwamba hajawahi kumsimulia hadithi hiyo.

Tuseme ukweli, sifa hizo alizifanyia kazi. Kiwanda chenyewe kilikuwa ukingoni mwa Theta, mahali ambapo mashamba ya sukuma wiki yalikuwa yakimezwa kidogo kidogo na nyumba mpya za mawe, na kilichoma vigae vya sakafu kwa gesi ya makaa ya mawe. Makaa yaliungua nusunusu ndani ya tanuri lililobanwa hewa, yakatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyokwenda kuchoma vigae. Balaa ni kwamba makaa ya mawe huja na salfa tumboni, na salfa ikiingia kwenye gesi huifanya inuke mayai yaliyooza. Gesi hiyo ikiungua bila kusafishwa, moshi wake hukaba koo na kubabua majani. Viwanda vingine huipoza kwanza ndipo viioshe. Hiki kilitaka kuisafisha ingali moto, joto lisipotee bure. Kwa hiyo gesi ilipitishwa kwenye mnara uliojaa vidonge vya zinki, vidogo kama punje za mahindi, navyo vikainyonya salfa na kuiacha gesi ipite safi.

Vidonge navyo hushiba. Ndiyo maana minara ilikuwa miwili, na wafanyakazi waliibatiza kwa majina ya mito ya mji wao, Chania na Thika. Chania ukiwa kazini, Thika unafufuliwa. Kufufua ndilo neno walilolitumia, na hakuna mchungaji aliyewahi kuwakemea. Walipuliza hewa ya moto juu ya vidonge vilivyoshiba, vikaitapika salfa yote, salfa ikakimbizwa kwenye tangi la maji ya chokaa na kuishia kuwa matope meupe, na vidonge vikarudi kazini upya.

Kazi nzima basi ilisimama juu ya jambo moja: kujua mnara umeshiba lini. Ukiwahi kugeuza, unavichosha vidonge kwa moto bila sababu. Ukichelewa, salfa inapita. Kulikuwa na mita ya kupima, ndiyo, mita yenye taa na tarakimu, ila ilikuwa na tabia ya kulala, na kila ilipolala ilipelekwa Nairobi kwa fundi ikakaa huko hadi watu wakaisahau. Ndipo desturi ya kunusa ilipoingia. Kando ya kila mnara kulikuwa na kijibomba kilichozungushwa ndani ya ndoo ya maji ili gesi ipoe. Absalom alikifungua kidogo tu, akapepea kwa kofia yake kuelekea usoni, akavuta pumzi moja, akafunga. Kisha alisema neno moja kati ya mawili. "Bado." Au, "Geuza."

Lilikuwa jambo la kijinga. Gesi ile ina sumu nyingine isiyonuka kabisa, ya kumwangusha mtu kabla hajajua kilichompata, na ukutani palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kunusa ni marufuku. Lakini pua ya Absalom haikuwa imewahi kukosea, na mtu asiyekosea humkatazi kitu, unampisha tu. Mwenyewe alipenda kusema kwamba alilelewa kwao magharibi karibu na kiwanda cha karatasi, kwa hivyo salfa aliijua tangu akinyonya. Alipofika Thika akiwa kijana alianza kwa kupalilia mananasi, akaja kuwa mbeba makaa, na pua ndiyo iliyomtoa kwenye makaa ikampandisha hadi kwenye minara. Kwa pua hiyo aliwasomesha watoto. Kwa pua hiyo binti yake mkubwa, Tabby, aliolewa Kiuu kwa heshima, baba akisimama mbele ya watu na suti yake. Huwezi kumlaumu aliyejivunia kitu kama hicho. Lawama zinakuja baadaye.

Zilianzia kwenye sufuria ya maharagwe. Nafuna alikuwa na kibanda cha mboga pale mtaani, na Jumamosi moja aliinjika maharagwe kwenye jiko, akamwachia mumewe ayatazame, akaenda kufungua kibanda. Absalom alikaa kwenye kiti chake, sufuria ikiwa nyuma yake, akawa anasikiliza mpira kwenye redio. Mlango uligongwa kwa fujo. Alikuwa Mwas, kijana waliyefanya naye kazi, aliyekuwa amepanga chumba kwenye ploti ya jirani.

"Mzee! Mko salama? Kuna kitu inaungua huku!"

Absalom aligeuka. Nyuma yake kulikuwa kweusi kwa moshi hadi dari. Maharagwe yalikuwa makaa, sufuria nyekundu chini, na yeye macho yalikuwa yamemwasha kidogo akadhani ni uchovu.

"Nilikuwa nimelala," alisema.

Hakuwa amelala, hata bao la mwisho alikuwa amelisikia. Mwas alipoondoka, Absalom alifunga mlango akaanza kujipima kama mtu anayetafuta funguo alizopoteza. Alinusa kitunguu alichokikata. Alinusa chupa ya mafuta ya taa. Alinusa omena kwenye karatasi, kisha soksi zake mwenyewe, akiwa amechuchumaa pale sakafuni, mtu mzima wa heshima. Hakupata kitu. Ile gesi aliyokuwa akiivuta kila siku kwa majivuno ndiyo iliyokuwa ikimla pua, polepole, na sasa ilikuwa imemaliza.

Hapo ndipo angesema. Angemwambia Nafuna aliporudi, au angemwambia injinia Jumatatu, na watu wangempa pole na kazi nyingine. Hakusema. Alimwambia mkewe kwamba usingizi ulimshinda, akanunua maharagwe mengine, na uongo huo wa kwanza ukapita vizuri kiasi cha kumtia moyo.

Injinia wao alikuwa binti mmoja kutoka Ruiru, jina lake Waruguru, mpole, mwenye kuongea akiangalia chini. Alikuwa amefika kiwandani mwaka uliotangulia akiwa na kipakiti cha karatasi maalumu. Ukiishika karatasi kwenye gesi yenye salfa, inageuka nyeusi. Ni hilo tu, halihitaji pua ya mtu.

"Ni kwa usalama wako, Mzee," alimwambia siku hiyo. "Uache kunusa. Hii haiwezi kukudhuru."

"Injinia, mimi nimeanza kazi hapa hii minara haijapakwa rangi," Absalom alijibu, Mwas na wenzake wakiwa wanasikiliza. "Sasa niwekewe karatasi kama mtoto wa nursery?"

Watu walicheka. Waruguru alikuwa na umri wa kuwa binti yake, na hakulelewa kubishana na wazee mbele za watu. Alizirudisha karatasi kabatini ofisini kwake akafunga. Sasa Absalom alizitamani karatasi zile kuliko chakula. Lakini kabati lilikuwa na ufunguo, ufunguo ulikuwa na injinia, na injinia angeuliza za nini. Kila alipofika mlangoni pa ofisi ile alikikumbuka kicheko alichokisababisha, akageuka akarudi.

Alibaki na mazoea. Miaka yote aliyonusa ilikuwa imempa saa kichwani. Alijua mnara huchukua muda gani kushiba, kwa hiyo aliendelea kufungua kijibomba, kupepea kofia, kufumba macho kama kawaida, na kusema "Bado" au "Geuza" kwa kukisia. Na alikisia vizuri! Miezi ilipita. Meneja akaleta wageni, akamshika bega, naye akavuta pumzi mbele yao kwa madaha. Aliporudi nyumbani siku hiyo hakumsimulia Nafuna. Alikula, akaona aibu inamkaa kifuani kama kitu alichokimeza bila kutafuna.

Kisha kiwanda kikabadilisha makaa. Mwenye kuuza wa zamani alikuwa amepandisha bei, wakaletewa mzigo wa mahali pengine, makaa meusi yenye kung'aa, mazuri kwa macho. Salfa yake ilikuwa nyingi zaidi. Minara ikawa inashiba mapema kuliko saa ya kichwani mwa Absalom. Yeye hakujua, na angejuaje?

Zamu za Mwas zilifuata zake. Ilikuwa desturi yao kwamba wakati wa kupokezana, mzee hunusa mara ya mwisho na kumpa kijana neno, na kijana hulishika neno hilo. Jioni moja Absalom alipepea kofia kwenye mnara wa Chania akasema, "Bado." Mwas alikunja uso.

"Mzee, si ujaribu tena? Mi naskia kitu."

"Unasikia nini?"

"Kama mayai hivi. Mabovu."

Absalom alijaribu tena. Alivuta hadi kifua kikauma, akaomba kimoyomoyo aipate hata chembe, na kilichoingia kilikuwa hewa tupu, isiyo na ladha wala jina. Alimwangalia Mwas. Angeweza kusema geuza. Lakini alikuwa ameshasema bado, na kugeuza neno mbele ya kijana aliyemfundisha mwenyewe kungekuwa ni kukiri.

"Ni mandazi ya asubuhi yanakurudi," alisema. "Bado."

"Sawa, Mzee," Mwas alisema, na hapo ndipo lilipo kosa la watu waliolelewa kutombishia mzee. Kijana alikuwa na pua nzima, pua ikimwambia kweli, akaamua ni yeye anayekosea kwa kuwa mzee amesema. Aliuacha mnara ulioshiba ukaendelea na kazi. Na siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine.

Mabomba ya kiwanda yalikuwa na nyufa ndogo hapa na pale. Gesi safi ikivuja kidogo hakuna anayeijua, lakini hii ilipovuja Theta nzima ilijua. Ile iliyofika kwenye tanuri ikaungua, ikatoka kwenye bomba la moshi ikashuka mashambani. Watoto walikohoa. Mzee Macharia, mkulima ambaye shamba lake lilipakana na ukuta wa kiwanda, aliamka akakuta sukuma wiki yake ina mabaka meupe, kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Nafuna ndiye aliyekuwa akinunua mboga hizo kwa ajili ya kibanda chake. Alirudi nyumbani na gunia tupu.

"Macharia anasema kwao kunanuka hadi watoto hawawezi kula," alimwambia mumewe. "Baba Tabby, huko kwenu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Watu wa Theta wanataka kiwanda kiwajengee barabara."

Waruguru aliwaita Absalom na Mwas ofisini. Mita ilikuwa Nairobi. Alikuwa ameandika malalamiko kulingana na nyakati, na mengi yaliangukia kwenye zamu za Mwas.

"Mzee, wewe unamwachia mnara ukiwa namna gani?" aliuliza.

Kabati la karatasi lilikuwa nyuma yake, hatua mbili. Absalom alitazama meza.

"Mimi ninamwachia mnara safi."

Mwas alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni, na heri angekuwa nayo. Alisubiri tu, jinsi mtu anavyomsubiri mwenzake amalizie sentensi. Angeweza kusema, mzee ndiye aliyeniambia bado. Hakusema, kwa sababu alikuwa mtoto wa watu, na mtoto wa watu hamtoi mzee aibu ofisini. Alimpa nafasi aseme mwenyewe. Absalom akaendelea kuitazama meza, akahesabu misumari yake, na nafasi ile ikapita.

"Labda nilichelewa kugeuza," Mwas alisema hatimaye.

Aliambiwa akae nyumbani hadi kiwanda kiamue. Kila asubuhi Absalom alipotoka kwenda kazini alimwona ameketi nje ya ploti yake kwenye kigoda, na kila asubuhi kijana alisimama akasema, "Habari ya asubuhi, Mzee." Absalom alianza kuzunguka kwa njia ya nyuma, ile yenye mtaro, akirukaruka matope na viatu vya kazi kama mwizi wa kuku. Aliona haya kwa kijana, akaona haya kwa kumkimbia kijana. Usiku alijiambia kwamba pengine ni kweli Mwas alichelewa. Nusu yake iliamini. Nusu nyingine ilijua vizuri sana, na ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi.

"Kama kuna kitu kwa hiyo kazi, sema," Nafuna alimwambia akiwa anaosha vyombo. "Mke wa Mwas alipita leo kibandani. Hakunilaumu. Alinunua nyanya, akanisalimia, akaenda. Afadhali angenitukana."

"Sina la kusema."

"Haya," alisema Nafuna, na akaendelea kusugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

Watu wa Theta waliitisha mkutano Jumapili, baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa. Walisema wazi: wakigundua kwamba kiwanda kinawadanganya, watakifungia barabara. Meneja alijua la kufanya. Alimtuma Waruguru, na akamtuma Absalom. Watu watamwamini mzee mwenzao, alisema, tena mzee wa kanisa.

Asubuhi hiyo Absalom alipita kiwandani kwanza, akiwa tayari na suti. Mnara wa Thika ulikuwa bado kwenye kufufuliwa. Akapiga hesabu yake ya kale, akaona Chania utavumilia hadi jioni, akapepea kofia kwa heshima zote na kumwambia Mugo, aliyewekwa mahali pa Mwas, "Bado." Mugo hakuuliza kitu. Mugo alikuwa na mafua.

Ukumbi ulijaa. Nafuna alikuwa amekuja, akaketi mstari wa mbele kando ya kiti cha mumewe. Macharia alisimama kwanza, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu, akainua juu jani la sukuma lenye mabaka.

"Mimi si mtu wa masomo," alisema. "Hii gesi siijui. Lakini najua mboga yangu, na najua wajukuu wangu wanakohoa. Sitaki ugomvi. Nataka mtu aniambie ukweli."

Ndipo Absalom aliposimama. Alifunga kifungo cha koti. Alijitambulisha, akataja kanisa lake, akasema amefanya kazi na minara tangu ilipojengwa na kwamba wanaomjua humwita pua ya kiwanda. Wachache walitabasamu. Moyo ulimtulia kidogo. Alikuwa mzuri wa kuongea na watu, siku zote.

"Kulikuwa na uzembe wa mtu mmoja," alisema, "na mtu huyo ameondolewa. Sasa hewa ni safi. Msinisikilize mimi, jisikilizieni wenyewe. Vuteni pumzi. Hapa hapa tulipo!" Naye akavuta, kifua kikajaa, akaiachilia taratibu kwa tabasamu. "Mnasikia kitu?"

Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi upande wa kiwanda. Mama mmoja alivuta leso yake akaziba mdomo. Mwingine alimnyanyua mtoto akamgeuza uso begani. Mzee mmoja alianza kukohoa, kikohozi kikamzuia hata kukaa. Absalom aliwaona akadhani wanamfanyia dharau, wanaigiza, na hasira ikampanda.

"Hata sasa hivi!" alisema kwa sauti. "Ni safi!"

"Ngai!" mtu alimwita Mungu kule nyuma. Mwingine alicheka, kicheko kibaya, kisha akanyamaza kwa haya. Nafuna alimshika pindo la koti akalivuta.

"Keti," alinong'ona. "Keti, Baba Tabby. Nakuomba."

Hakuketi. Shaka ilikuwa imeanza kumwingia, lakini alisimama pale mikono ikiwa hewani kwa sababu hakujua mtu aliyesimama hivyo hushuka vipi.

Mtu alisimama karibu na mlango. Alikuwa Mwas. Ukumbi uligeuka, wengi walimjua kuwa ndiye aliyerudishwa nyumbani. Macho yake yalikuwa mekundu, yakitoka machozi, na alipofungua mdomo alikohoa kwanza, akakimeza kikohozi.

"Mzee anasema ukweli," Mwas alisema. "Mimi pia sisikii kitu."

Absalom alimtazama. Alimwona akibana pumzi ili aweze kuusema uongo huo. Akaelewa yote kwa mara moja: kwamba ukumbi ulikuwa umejaa uvundo, kwamba kila mtu aliusikia isipokuwa yeye, na kwamba kijana aliyemwacha apoteze kazi alikuwa amesimama mbele ya watu wote kumsitiri. Aibu aliyoipata hapo haikuwa ile ya ofisini wala ya mtaroni. Zile zilimfanya ajifiche. Hii ilimvua nguo.

"Mwas," alisema. "Unasikia nini?"

"Hakuna, Mzee."

"Mwas."

Kijana aliinamisha kichwa. "Mayai, Mzee."

"Sana?"

"Sana."

Absalom aliligeukia kundi, kisha akamgeukia Waruguru. "Injinia, piga simu. Chania umeshiba. Mimi ndiye niliyesema bado." Aligusa pua yake kwa kidole. "Pua yangu ilikufa. Ilikufa zamani, hata kabla ya makaa mapya. Huyu kijana aliniambia ananusa, siku zote aliniambia, nikamwambia ni mandazi. Hakuchelewa. Mimi ndiye niliyemchelewesha, na nikanyamaza ulipouliza."

Waruguru alikuwa tayari na simu sikioni. "Mugo? Zima gesi. Yote. Ndiyo, hata tanuri, achana na vigae." Aliposhusha simu hakumtazama Absalom, na machozi yalikuwa yakimtoka, ya uvundo au ya kitu kingine. "Nilikuwa na zile karatasi," alisema, kama anayejisemea. "Ningezitoa tu."

Absalom alisubiri kelele. Alizitaka. Macharia alimjia hadi mbele, jani lile bado mkononi, leso puani.

"Sasa sisi tulikuwa tufanye nini, Sifuna?" aliuliza, bila ukali. "Tukuamini wewe, ama tuamini pua zetu?"

Macharia akageuka, akaelekea mlangoni. Hakuna aliyemtukana. Walianza tu kutoka, mmoja mmoja kisha makundi, wakiwasukuma watoto mbele, kwa sababu ndani hapakukalika tena. Mwas alimshika mkono bibi mmoja akamsaidia kushuka ngazi. Waruguru alitoka wa mwisho. Nje walisikika wakipumua, wakitema mate, wakizungumza kwa sauti za chini.

Absalom aliketi. Ukumbi ulikuwa mtupu na mtulivu. Yeye peke yake angeweza kukaa humo, na alitaka kukaa humo hadi giza liingie na wote waende makwao. Kisha alisikia kikohozi kando yake. Nafuna hakuwa ametoka. Alikuwa amejifunika kitambaa usoni hadi machoni, na mabega yakimtikisika kila alipovuta pumzi.

"Toka nje, mama," alimwambia. "Utaumia."

Nafuna alitikisa kichwa.

"Nenda nao. Mimi nitakuja."

"Tutaenda pamoja," alisema kupitia kitambaa, akakohoa tena, kikohozi kirefu kilichompinda hadi magotini.

"Nafuna, siwezi kutoka. Wako pale mlangoni wote."

Nafuna alimshika mkono akaendelea kukohoa, na ikawa wazi kwamba angekaa pale akiivuta hewa ile kwa muda wote ambao mumewe angehitaji kujificha. Alikohoa mara nyingine. Absalom akasimama, akamwinua kwa kwapa, akamwongoza kati ya viti hadi mlangoni, na wakatoka juani, mbele ya watu wote wa Theta, waliokuwa wamesimama uwanjani wakiwatazama.